Lori la zamani la Kiingereza: angalia bodi kabla hujafungua boneti

Kila msimu wa maonyesho ya magari ya zamani ukikaribia huku Uingereza napigiwa simu na ndugu zetu, wengine madereva, wengine mafundi, swali lao ni lile lile, "kaka nataka lori la zamani la kuchezea wikendi, nichukue Bedford au Leyland?" Na mimi siwajibu hilo swali, nawauliza kwanza, nyuma lina bodi gani? Wengine wanaona kama nawazungusha.

Siwazungushi. Malori ya Kiingereza ya kuanzia miaka ya 1930 mpaka 1970 hivi, mengi kiwandani yalikuwa yanatoka chesisi na injini tu, mengine hata kebini hayana, dereva anakalia kasha la mbao, koti zito na miwani ya upepo, anaipeleka chesisi tupu kwa barabara mpaka kwa fundi bodi. Huyo fundi bodi ndo anajenga alichoagiza mteja, muuza makaa anataka hivi, mwenye kiwanda cha bia anataka vile, mhamisha samani anataka nyumba nzima nyuma. Ndo maana unakuta lori mbili za AEC zimetoka kiwanda chao cha Southall, London, mwaka mmoja, injini moja, na ukizisimamisha pamoja utadhani hazijuani.

Sasa piga hesabu. Bedford za Luton na Dunstable zilitengenezwa nyingi mno, spea zipo, wazee wanaozijua wapo. Injini ya Gardner ya kule Patricroft, Manchester, mpaka leo ikikufia kuna watu wanaifufua. Lakini bodi? Ilijengwa moja, au chache za kampuni moja, fundi alishakufa, karakana imegeuzwa maghorofa, mchoro hakuna. Injini mbovu ni pesa, bodi iliyooza ni pesa halafu na mtu wa kuijenga humpati. Kwa hiyo kati ya lori lenye injini nzima na bodi ya kubuni, na lori lenye injini iliyokwama na bodi yake ya asili, mi nachukua la pili bila kufikiria.

Ukienda kwenye ule msafara wa malori ya zamani wa London mpaka Brighton wa mwezi wa tano utaona bodi wazi nyingi sana, ile sakafu ya mbao tu bila ubavu. Usidhani zote zilizaliwa hivyo. Baadhi zilikuwa tenki, za ng'ombe, za samani, bodi ikaoza, mwenyewe akapiga mbao juu ya chesisi akamaliza, ni rahisi. Sio dhambi, ila bei isiwe ya kitu cha asili. Bodi wazi ya kweli utaijua kwa ndoano za kamba pembeni, zimelika upande mmoja kwa miaka ya kuvutwa, maana mzigo wote ulikuwa unafunikwa turubai na kufungwa kamba kwa mkono, na dereva asiyejua kufunga hakuwa dereva.

Mimi kabla ya kuja huku nilikuwa seremala wa bodi za malori Tanga, kwa hiyo mbao ndo naanza nazo. Kebini nyingi za zamani, hasa za viwanda vidogo kama Foden, ERF na Atkinson, ndani ni fremu ya mti unaoitwa ash, mgumu lakini una mnyumbuko, juu yake ndo limepigwa bati au alumini. Mtu wa Zanzibar aliyepanda zile gari za mbao za shamba ananielewa haraka. Rangi inang'aa, paneli zimenyooka, unadhani umepata, kumbe ndani unga mtupu. Chukua bisibisi, omba ruhusa kwa mwenye gari (wengine wakali), fungua mlango, chokoa kwa chini pale bawaba inaposhika nguzo, halafu chokoa kona ya chini ya kioo cha mbele, maji yanakusanyika hapo. Bisibisi ikizama kama kwenye ndizi mbivu, hesabu kwamba kebini nzima itabidi ishushwe. Pia inua mlango kwa mkono ukiwa wazi, ukicheza juu chini nguzo imeshaenda.

Kuna kitu kingine kinachoeleza kwa nini bodi zinatofautiana hivi, nacho ni sheria. Mpaka 1957 lori lenye uzito mtupu, yaani bila mzigo, unaozidi tani 3 lilikuwa haliruhusiwi kuzidi maili 20 kwa saa, yaani kama kilomita 32, na nyuma lilibeba kibao cha namba 20. Chini ya hapo unaruhusiwa maili 30. Kwa mfanyabiashara hiyo ni tofauti kubwa, safari inaisha mapema, kwa hiyo mafundi bodi walikuwa wanapigania kila kilo, alumini badala ya chuma, mbao nyembamba kidogo. Uzito mtupu uliandikwa ubavuni kwa rangi. Ukiyakuta hayo maandishi, yapige picha, yatakusaidia kujua kama bodi iliyopo ni ile iliyopimwa au ni ya juzi.

Na tafadhali usikimbilie kupiga rangi mpya. Msasa wa maji taratibu ubavuni na kwenye milango, mara nyingi herufi za mwenye lori wa kwanza zinatokea chini ya tabaka za rangi, jina, mji, saa nyingine na namba fupi ya simu ya enzi hizo. Hapo ndo unapata pa kuanzia kutafuta picha za zamani, na picha ndo mchoro wako.

Kwa aina zenyewe, bodi ya Luton, ile boksi iliyopanda mpaka juu ya kebini, ilifaa mizigo mepesi inayojaza nafasi, na Luton wenyewe walikuwa watu wa kofia, sasa kofia uzito una nini. Angalia pale boksi linapokaa juu ya paa la kebini, linavuja. Ile Scammell ya magurudumu matatu, Mechanical Horse ya 1934 na mdogo wake Scarab wa 1948, ilitengenezwa kuchukua nafasi ya farasi wa kampuni za reli kwenye vichochoro, inageuka papo hapo, watoto wanaipenda, ila bila tela lake ni kichwa tu, na tela ndo gumu kupata. Bodi za ng'ombe nyingi zilikuwa za kunyanyuliwa, siku ya mnada inapandishwa, siku nyingine lori linabeba nyasi, kwa hiyo uliza kama boksi lenyewe limebaki kule shambani. Tipa, mwambie muuzaji ainue mbele yako mpaka juu, halafu uingie pembeni, usikae chini yake hata kwa dawa, uangalie nyufa za chesisi karibu na bawaba ya nyuma.

Mtu anayeanza kabisa namwambia atafute Green Goddess, zile Bedford za zimamoto za serikali zilizojengwa 1953 mpaka 1956. Zilikaa stoo miaka mingi, kwa hiyo nyingi zimetembea kidogo na bodi bado ni yake. Petroli inakunywa kweli kweli, hilo sikufichi. Lori la Commer lenye injini ya TS3, silinda tatu pistoni sita, mlio wake mtamu mpaka unasisimka, lakini iache mpaka uwe na fundi wako.

Likifika miaka 40 na hulifanyii biashara, kodi ya barabara unaombea msamaha, hiyo nafuu. Leseni ya udereva ulizia kabla ya kulipa. Na pima geti lako, urefu na kimo, maana Foden ya magurudumu manane inafika futi 30, mita 9 na ushee, na kuliacha nje kwenye mvua ya huku wakati kebini ni ya mbao, bora hata usinunue.