Aliyecheza vizuri bado ana la kusomea

Mhariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Je, mtu aliyekuwa mchezaji hodari anahitaji kweli kwenda chuoni kusomea ualimu wa elimu ya viungo na afya? Na kama anahitaji, chuo kimpe nini?" Jibu langu ni ndiyo, anahitaji, na huenda akahitaji kuliko mwenzake ambaye hakuwahi kuvaa jezi. Nimefundisha somo hili kwa muda mrefu, na sasa kazi yangu ni kuwatembelea wanachuo wakiwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Ninayoyaandika hapa nimeyaona nikiwa pembeni mwa uwanja, daftari mkononi.

Mchezaji hodari huja chuoni na mwili unaojua mambo ambayo mdomo haujui. Mwambie arushe mpira, ataurusha mbali. Muulize ameurushaje, ataurusha tena. Alijifunza akiwa mdogo, akarudia mpaka ikawa tabia, na hatua zenyewe zikafutika kichwani. Sasa mweke mbele ya mtoto anayerusha kwa mkono wa kulia huku ametanguliza mguu wa kulia. Mpira unadondoka karibu. Mwanachuo anapaza sauti: "Tupa kwa nguvu!" Mtoto anaongeza nguvu, mguu ni uleule, mpira unakwenda kombo, na wenzake wanacheka. Mwalimu aliyefunzwa hautazami mpira hata kidogo. Anatazama miguu. Anamsogelea mtoto na kumwambia jambo moja tu: "Tanguliza mguu wa kushoto." Akishalizoea hilo, ndipo anamwambia azungushe kiuno. Baadaye kiwiko kitangulie kiganja. Mtoto mmoja, kosa moja kwa wakati, na maneno machache kiasi kwamba anaweza kuyakumbuka mkono ukiwa hewani.

Mtu hazaliwi na jicho la namna hiyo. Hutengenezwa kwa anatomia (muundo wa mwili), fiziolojia (jinsi mwili unavyofanya kazi) na biomekanika (jinsi mwili unavyojongea), masomo ambayo wanachuo wengi huyaona ni kikwazo cha kuvuka ili wafike uwanjani. Nawasihi wasiyaruke. Mwili wa mtoto una mambo yake ambayo mwili wa mtu mzima hauna. Anapokua kwa kasi, kano inayoshuka kutoka kwenye pia ya goti huvuta sehemu ya mfupa wa muundi ambayo bado haijakomaa, na hapo chini ya goti huota uvimbe unaouma, hasa kwa watoto wanaorukaruka na kukimbia sana. Wataalamu huuita ugonjwa wa Osgood-Schlatter. Mwalimu asiyejua hayo atamwita mtoto huyo mvivu na kumwongezea mizunguko. Anayejua atampunguzia kuruka, atampa kazi nyingine ndani ya mchezo uleule, na atazungumza na wazazi wake.

Vivyo hivyo huduma ya kwanza. Mtoto aliyegongwa kichwani kisha akaanza kuduwaa, kusahausahau, kutapika au kuona kizunguzungu hutolewa uwanjani na harudi kucheza siku hiyo, hata akiapa kwamba yuko sawa. Moyo ukisimama, kifua hukandamizwa mara 100 hadi 120 kwa dakika mpaka msaada ufike. Haya hujifunzwa kwa mikono, juu ya mwanasesere wa mazoezi, na hurudiwa kila baada ya muda kwa sababu husahaulika. Chuo kinachoyafundisha kwa mhadhara mmoja kinawadanganya wanafunzi wake.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma kuliko yote, nalo ni foleni. Chukua darasa la wanafunzi 40, mpira mmoja na mstari mmoja. Kila mtoto anapata sekunde 15 za kupiga chenga kuzunguka koni, kisha anarudi nyuma ya mstari. Mzunguko mmoja unachukua dakika 10. Katika nusu saa, kila mtoto amefanya mazoezi mara tatu, yaani sekunde 45, na dakika nyingine zote amesimama akimsukuma aliye mbele yake. Wagawe haohao katika vikundi vinane vya watoto watano, kila kikundi na chombo chake, hata kama ni mpira wa matambara, na kila mtoto atafanya mara 24 kwa muda uleule. Mwalimu ni yuleyule na uwanja ni uleule. Kilichobadilika ni andalio la somo. Kila ninapokwenda kumwona mwanachuo, jambo la kwanza ninaloandika kwenye daftari ni watoto wangapi wanatembeza miili na wangapi wamesimama. Filimbi na mavazi mazuri ya michezo navitazama baadaye.

Historia ya somo letu ina mfano bora wa jambo hili, na natamani ufundishwe kila chuo. Desemba 1891, kwenye chuo cha YMCA (chama cha vijana Wakristo) mjini Springfield, Marekani, mwalimu James Naismith alikabidhiwa darasa la watu 18 waliokuwa wamechoshwa na mazoezi ya ukumbini wakati wa baridi. Mkuu wake, Luther Gulick, alimpa wiki mbili abuni mchezo mpya wa ndani. Ndipo ulipozaliwa mpira wa kikapu. Watu hupenda kusimulia vile vikapu vya matunda vilivyopigiliwa kwenye roshani ya ukumbi. Mimi huvutiwa zaidi na jinsi yule mtu alivyofikiri kama mwalimu. Alikataza kukimbia na mpira, kwa sababu anayekimbia nao atakabwa, na kukabana juu ya sakafu ngumu ni kuvunjana. Goli akaliweka juu, futi 10, ili mpira urushwe kwa kupinda angani badala ya kuvurumishwa kwa nguvu zote. Na wachezaji walikuwa tisa kila upande, kwa kuwa darasa lilikuwa na watu 18 na hakutaka mtu akae nje. Usalama, ustadi na ushiriki wa kila mmoja, vyote vilikuwa vimefikiriwa kabla filimbi haijapulizwa. Baadaye Naismith alisomea udaktari, akahitimu mwaka 1898. Kwake mwili, mchezo na afya vilikuwa kitu kimoja.

Hapo ndipo nifike kwenye nusu ya pili ya somo. Linaitwa elimu ya viungo na afya, lakini mara nyingi afya huachiwa siku ya mvua. Uwanja ukilowa, watoto huingizwa darasani na kuambiwa wanakili faida za kunawa mikono. Mwanachuo anayelelewa hivyo hukua akiamini kwamba afya ni kiraka. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa angalau dakika 60 kwa siku za mazoezi ya kati hadi ya nguvu. Takwimu zilizochapishwa na watafiti wa shirika hilo mwaka 2019 zilionyesha kwamba asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 duniani hawafikii kiwango hicho. Wavulana asilimia 78, wasichana asilimia 85. Hakuna ratiba ya shule itakayoziba pengo hilo kwa vipindi viwili vya wiki. Kinachowezekana ni mtoto atoke kwenye vipindi hivyo akijua mwili wake unavyofanya kazi, akiwa na mchezo mmoja au miwili anaoumudu, na akiwa na hamu ya kuendelea mwenyewe jioni. Kazi hiyo ni ya darasani na uwanjani kwa pamoja.

Ndiyo maana napinga kwa nguvu zangu zote desturi ya kuwakimbiza watoto kama adhabu. Umechelewa, zunguka uwanja. Umepiga kelele, piga pushapu. Kisha mwalimu yuleyule anasimama darasani kueleza kwamba mazoezi ni raha na ni afya! Mtoto hawezi kuyapenda yale anayotendewa akikosea. Napinga pia kuwapa manahodha wawili kazi ya kuchagua timu mbele ya darasa zima, maana kila mara kuna anayebaki wa mwisho, na huwa ni yuleyule. Gawa timu mwenyewe, nyumbani, usiku, ukiwa na orodha ya majina mezani.

Somo la kubalehe ndilo linalowatoa wanachuo jasho. Nimewaona vijana wanaoweza kulinyamazisha darasa zima kwa mkono mmoja uwanjani, lakini wakifika kwenye hedhi au ndoto nyevu sauti inazama. Hili nalo hujifunzwa. Mwanachuo hujizoeza kuyataja majina ya viungo vya uzazi kwa sauti ileile anayotajia goti na bega, mbele ya wenzake kwanza, mpaka aibu iishe. Kuna njia moja ninayoipenda sana, ya kisanduku cha maswali. Kila mwanafunzi hupewa karatasi, na kila mmoja lazima aandike kitu, hata kama ni "sina swali", ili asijulikane nani ameuliza na nani hakuuliza. Mwalimu huyasoma yote peke yake kwanza, huyapanga, huyatafutia majibu sahihi, kisha kipindi kinachofuata huanzia hapo. Maswali yanayotoka kwenye kisanduku hicho ndiyo mtaala wa kweli wa darasa lile. Na mara mojamoja hutoka karatasi ambayo si swali: ni mtoto anaeleza kwamba kuna mtu anamuumiza. Mwanachuo afundishwe mapema la kufanya siku hiyo. Asimwahidi mtoto siri asiyoweza kuitunza, asimhoji kama polisi, aandike maneno kama mtoto alivyoyasema, na ayafikishe kwa anayehusika shuleni siku hiyohiyo.

Wasichana wengi huanza kuacha michezo wakifika umri huo. Ukiwasikiliza, sababu si fumbo: hakuna mahali pa faragha pa kubadilishia nguo, vazi la michezo linawabana au linawaonyesha, wavulana wanatazama na kutoa maneno, au wako kwenye siku zao na hawana pa kujisitiri. Mwalimu mwenye kufikiri anaweza kurekebisha mengi kati ya hayo bila kungoja bajeti ya mtu. Aruhusu suruali ndefu. Amweke msichana asiyetaka kurukaruka siku hiyo kwenye uamuzi au kwenye kupima muda, na asimdai maelezo mbele za watu.

Kuhusu watoto wenye ulemavu, wanachuo hufundishwa kubadili mambo manne: nafasi, kazi yenyewe, vifaa, na watu ambao mtoto anashirikiana nao. Inasikika rahisi, na kwa kweli ni rahisi ukishaizoea. Punguza uwanja, ruhusu mpira udunde mara mbili, tumia mpira mkubwa au wenye njuga, mpe mwenza. Mwaka 1946 mchezo wa golboli ulibuniwa kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Unachezwa kwa kusikia kengele ndani ya mpira. Ucheze na darasa zima, wote wamefungwa vitambaa machoni, na utamwona mtoto asiyeona akiwaongoza wenzake.

Mazoezi ya kufundisha ndiyo kiini cha mafunzo yote. Hapo ndipo mwanachuo anapojua kwamba sauti humezwa na upepo, kwamba darasa linaloelekezwa jua usoni halisikilizi, kwa hiyo lipe jua kisogo na jua liwe machoni pako, na kwamba ukisimama katikati ya uwanja nusu ya watoto wako nyuma yako. Simama ukingoni, uwaone wote. Maelekezo yasizidi dakika moja, kisha watembee. Hakuna mhadhara unaoweza kumpa mtu hayo. Anahitaji darasa la kweli na mkufunzi anayekaa mpaka kipindi kiishe, kisha akaketi naye palepale kabla jasho halijakauka.

Kwa anayetafuta chuo, basi, ningemshauri aulize mambo machache kabla ya kujaza fomu. Mazoezi ya kufundisha ni wiki ngapi, na yanaanza mwaka wa kwanza au yanangoja mwisho? Mkufunzi huja mara ngapi, na hukaa kipindi kizima? Somo la afya lina mkufunzi wake, au linabebwa na yeyote mwenye nafasi? Huduma ya kwanza hufanywa kwa vitendo? Kisha aombe ruhusa kwenye shule yoyote iliyo karibu naye, akae pembeni kwenye kipindi kimoja cha michezo. Asimtazame bingwa wa darasa. Achague mtoto mmoja asiyeng'ara, amfuate kwa macho kipindi kizima, aandike ameugusa mpira mara ngapi na mwalimu amemwita kwa jina lake mara ngapi. Karatasi hiyo aende nayo kwenye usaili, maana swali la kwanza huwa ni kwa nini umechagua somo hili, na hapo atakuwa na la kujibu.