Kabla ya kwenda SHOT Show, kung'uta begi lako

Januari bado iko mbali, lakini viatu vya kwendea SHOT Show nimeshaanza kuvivaa ili vizoee mguu. Sifanyi mzaha. Maonyesho haya ya bunduki na vifaa vya uwindaji, yanayofanyika Las Vegas, Marekani, kila Januari, yana mabanda zaidi ya 2,000 na watu zaidi ya 50,000 ndani ya siku nne, na ukumbi si mmoja: unatoka Venetian Expo unavuka daraja kwenda Caesars Forum, halafu unakumbuka ulichosahau ulikotoka. Mara ya kwanza nilitia viatu vipya vya ngozi nionekane mtu wa maana. Siku ya pili mchana nilikuwa nimekaa sakafuni, soksi mkononi.

Anayedhani atakata tiketi mlangoni ajue mapema kwamba haya si maonyesho ya umma. Yalianza mwaka 1979 kule St. Louis kama maonyesho ya wafanyabiashara, na waandaaji, NSSF, chama cha wafanyabiashara wa bunduki Marekani, wanataka uthibitisho kwamba unafanya kazi katika sekta hii. Mimi nimepitia kwa fundi bunduki ninayemsaidia kila Jumamosi. Tena hununui bunduki ukaondoka nayo. Unarudi na vipeperushi, stika na miguu iliyovimba.

Sasa nangojea nini kwa hamu hivi? Kushika. Mimi ni mashoto, na bunduki nyingi za kuvuta komeo, kile chuma cha kutoa ganda na kuingiza risasi nyingine, zimetengenezwa komeo likiwa kulia. Kila nikipiga risasi moja, naachia mshiko, navusha mkono juu ya bunduki, navuta, narudi kutafuta shabaha upya. Dukani huonyeshwa picha ya toleo la kushoto na kuambiwa linaagizwa. Kule nalikuta juu ya meza.

Ukiipata unayoitaka, omba ruhusa kwanza. Mtutu uelekeze pasipo na mtu, fungua chemba, pale inapokaa risasi, chungulia. Najua, bunduki za maonyesho zimetolewa pini ya kugonga risasi na zimekaguliwa. Chungulia tu. Wapo watu wazima wanaopitisha mtutu kwenye vifua vya wenzao kwa kisingizio hicho hicho, na mwenye banda hawasahau.

Kisha fumba macho. Ipandishe begani kama ulivyozoea, laza shavu kwenye kitako, halafu fumbua. Ukiona ndani ya darubini duara zima lenye mwanga, imekukaa. Ukiona kivuli cheusi pembeni mfano wa hilali, na shingo inahangaika kutafuta mahali pake, kitako hicho hakikupimwa kwa mwili wako, au darubini imefungwa mahali pasipokufaa. Mwulize mwenye banda ni lipi kati ya hayo mawili, kwa sababu la pili linarekebishika na la kwanza huenda likakugharimu kitako kipya. Mwaka uliopita nilirudisha mezani bunduki niliyoiota miaka mitatu. Iliniuma. Uzito wa kifyatulio, yaani nguvu ya kukivuta, nao usiuamini sana, maana hizo ni bunduki zilizokwisha kuchezewa na mikono ya watu mamia.

Ushauri wangu mwingine ni kwamba mabanda makubwa yasikule siku nzima. Huko mara nyingi utajibiwa na kijana wa mauzo aliyekariri kipeperushi. Tafuta mabanda madogo, yale ya meza moja na viti viwili, ambako anayekujibu huwa ndiye aliyekichonga kifaa. Mwulize kwa nini ameweka springi nene kuliko wenzake, uone atakavyoacha kahawa yake ipoe.

Na begi. Silaha yako na risasi zako haziruhusiwi ukumbini, hilo kila mtu analijua. Ambalo sikulijua ni kwamba begi ninalobeba uwanja wa shabaha lilikuwa na ganda tupu la risasi ya .308 kwenye kipindo cha ndani. Mashine ya uwanja wa ndege ililiona kabla yangu. Nilitolewa kwenye foleni, mifuko ikapekuliwa mmoja mmoja, mikono ikafutwa kwa kitambaa cha kupimia baruti, ndege ikabaki dakika tano kuondoka.

Siku hizi nina begi ambalo halijawahi kufika uwanja wa shabaha, na bado usiku wa kuamkia safari nalipindua nje ndani, nalikung'uta juu ya shuka jeupe. Mara ya mwisho kilianguka kifungo cha shati.