Kabla hujamlipa mtu akupeleke kuvua stilihedi

Swali ninaloulizwa sana na Waswahili wenzangu wa huku jimbo la Washington, Marekani, hasa waliokulia pwani au kando ya ziwa, ni hili: kwa nini nimlipe mtu anipeleke kuvua, na mimi nimeshika mshipi tangu sijajua kuvaa viatu? Jibu langu ni fupi. Humlipi akufundishe kuvua. Unamlipa kwa kuwa anaujua mto, na mto wa samaki huyu stilihedi (steelhead kwa Kiingereza) mwezi wa Februari hauna udugu na bahari ya Tanga wala na Ziwa Victoria.

Samaki mwenyewe si mgeni kama jina lake linavyosikika. Ni spishi ileile ya trauti ambao wakoloni waliwapandikiza kwenye mito baridi ya Mlima Kenya na Aberdare. Tofauti ni maisha anayoishi. Stilihedi huzaliwa mtoni, hukaa humo mwaka mmoja hadi mitatu, kisha hushuka baharini, akala na kunenepa kwenye Pasifiki, ndipo apande tena mto aliozaliwa ili atage. Samoni wengi wa Pasifiki wakishataga hufa. Stilihedi anaweza kushuka tena baharini na kurudi mwaka mwingine. Wa kilo tatu hadi tano ni wa kawaida, na wapo wanaopita tisa.

Kazi ipo hapa: huyu anayepanda wakati wa baridi hakuja kula. Ana akiba yake mwilini, maji yana nyuzi joto tano hivi, na wewe umesimama unamrushia kitu asichokihitaji. Wenyeji humwita samaki wa mirusho elfu moja, na hawatanii sana. Kwa hiyo ukipanga safari, jua kwamba kurudi mikono mitupu ni jambo la kawaida kabisa, hata kwa waliozaliwa kwenye kingo za mito hiyo.

Mimi hupendelea upande wa Forks, magharibi ya Rasi ya Olympic, mwendo wa saa tatu na nusu au nne kwa gari kutoka Seattle. Hapo kuna mito ya Hoh, Bogachiel, Calawah na Sol Duc, mitatu ya mwisho ikiishia yote kwenye mto Quillayute, unaomwaga maji baharini pale La Push. Mvua ya Forks kwa mwaka inafika kama milimita 3,000. Bukoba yenyewe haioni ndani. Na mvua hiyo ndiyo bosi wa safari yako, si wewe wala mwongozaji. Hoh unatoka kwenye barafu za Mlima Olympus, na ukipanda hugeuka rangi ya chai ya maziwa, hapo hakuna samaki atakayeona chochote. Sol Duc huwahi kutakata. Mwongozaji mzuri analala akitazama vipimo vya mito kwenye intaneti na kuamka akivitazama tena, na saa kumi na moja alfajiri anakutumia ujumbe: tumebadilisha mto, nikute daraja fulani. Usinune. Huo ndio ujuzi unaoulipia.

Ujuzi mwingine utauona ukishakuwa ndani ya mashua. Ni mashua ya makasia, ncha zote mbili zimeinuka, mwongozaji anakaa katikati akitazama mbele na kupiga makasia kinyume na mkondo ili mashua iteremke polepole kuliko maji. Mnapita sehemu ndefu ambayo kwa macho yako inapendeza kabisa, naye hata haitazami. Halafu anasimama mahali pasipo na dalili yoyote. Mwulize kwa nini. Atakuonyesha mstari ambapo maji ya kasi yanakutana na maji ya polepole, mwendo wake kama wa mtu anayetembea, kina kati ya kiuno na kichwa, na chini kuna mawe makubwa ya kumkinga samaki na mkondo. Maji yenyewe yawe ya kijani kilichofifia, unaona viatu vyako ukisimama kwenye kina cha mita moja hivi, na zaidi ya hapo huoni. Hapo ndipo samaki anapopumzika akielekea juu.

Ukivua kwa boya, tazama povu. Boya na povu viende mwendo mmoja. Boya likitangulia povu, chambo chako bandia kinaburutwa kule chini, na samaki wa maji baridi hahangaiki kukifukuza. Nyanyua mshipi uliolala majini, urudishe juu ya mkondo kwa kuuzungusha taratibu, acha boya liende lenyewe. Likizama hata kidogo, inua fimbo. Mara nyingi ni jiwe. Inua hivyo hivyo. Sisi tuliozoea kusikiliza mshipi kwa kidole tunapata tabu hapa, maana mkono unangoja kuvutwa, na ukingoja kuvutwa huyu ameshatema.

Sasa kumchagua huyo mwongozaji. Niliwahi kupiga simu kwa mmoja akaniahidi samaki kabla hata hajaniuliza nakuja mwezi gani. Nikamshukuru, nikakata simu. Anayeahidi samaki anauza kitu ambacho hana. Mimi swali langu la kwanza ni: mto ukichafuka, inakuwaje? Akikwambia tunahamia mto mwingine, na yote ikichafuka tunapanga siku nyingine au nakurudishia malipo ya awali, huyo mnaweza kuongea. Akisema tutajaribu tu, muage. Uliza pia kama ana leseni ya jimbo ya kuongoza wavuvi, kama ana bima, na mtakuwa wangapi. Mashua hizi hubeba wageni wawili kwa raha. Na uliza anavyomshika samaki wa asili, maana kuna wanaopenda picha kuliko samaki.

Hilo la picha lina sheria. Stilihedi wa asili, yule ambaye pezi lake dogo la mafuta karibu na mkia halijakatwa, lazima aachiliwe, na Washington hairuhusu umtoe majini mzima mzima. Picha inapigwa samaki akiwa bado ndani ya maji, wewe umechuchumaa, mikono imelowa. Waliozalishwa kwenye vituo hukatwa pezi hilo wakiwa wadogo, na hao unaweza kuchukua pale kanuni za mto huo zinaporuhusu, ukiandika kwenye kadi yako ya samaki papo hapo. Shemeji yangu alipoiona picha ya samaki wangu aliuliza, "Kwa hiyo umelipa hela yote hiyo, halafu umemrudisha?" Ndiyo, shemeji. Samaki hawa wamepungua mno. Mwaka 2022 Idara ya Samaki na Wanyamapori ilifunga mito ya pwani kuanzia Machi 1 kwa sababu waliorudi walikuwa wachache. Misimu ya karibuni chambo kisicho bandia kimepigwa marufuku kwenye mito mingi ya huko, ndoana ni moja isiyo na kikucha, na sehemu kadhaa huruhusiwi kuvua ukiwa ndani ya mashua: inakupeleka, unashuka, unavua ukiwa umesimama. Kanuni hubadilika katikati ya msimu, kwa hiyo zisome tena usiku wa kuamkia safari.

Utasikia pia wavuvi wakiwalaumu Waquileute na Wahoh, makabila ya wenyeji wa asili wa huko, kwa nyavu zao. Usijiunge na mazungumzo hayo. Mababu zao walitoa ardhi kwa mikataba ya miaka ya 1850 wakabakiza haki ya kuvua, na mwaka 1974 Jaji George Boldt akaamua kwamba makabila yenye mikataba yana haki ya nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa. Mabwawa na ukataji wa misitu vimewaumiza samaki hawa kwa muda mrefu, ila bwawa halipandi nawe mashua ukalisema usoni.

Mavazi: jinzi na pamba acha nyumbani, zikilowa zinakufyonza joto. Vaa sufu au nguo za michezo, tabaka juu ya tabaka. Suruali ya mpira inayofika kifuani kwa kawaida utaazimwa, ila taja saizi ya kiatu mapema, na mkanda wa kiunoni uukaze hasa, kwani ukianguka ndio unaozuia maji yasijae ndani. Chakula cha mchana mara nyingi anakuja nacho yeye. Kama huli nguruwe, sema siku unapolipia, la sivyo utakabidhiwa mkate wenye nyama hiyo, na kutoka hapo hadi duka la karibu ni safari. Sala nayo ni hivyo hivyo. Mwambie asubuhi kwamba adhuhuri utahitaji dakika kumi ukingoni. Niliowaambia wote walifunga mashua bila neno, mmoja akanitafutia na changarawe iliyolala sawa.

Gharama ya siku ni mamia ya dola kwa mashua, kwa hiyo tafuta mwenzio mgawane, na ongezeni bahashishi ya asilimia 15 hadi 20, samaki awepo asiwepo. Leseni ya uvuvi na kadi ya kuandikia samaki ni juu yako. Nafasi za Februari na Machi, wakati samaki wa asili wakubwa wanapopanda, huisha mapema, kwa hiyo piga simu tangu kiangazi. Ukiweza lipia siku mbili mfululizo, maana moja ya hizo mvua itaidai.