Huduma ya wavuti na huduma ya mtandaoni: je, ni kitu kimoja?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika mwongozo wa programu ambayo kampuni yetu imewatengenezea wafanyabiashara. Sentensi ya kwanza nimeiandika hivi: "Hii ni programu ya biashara ya wavuti inayoendeshwa na data, ambayo hutumia huduma za mtandaoni kuvuta takwimu za wateja." Mwenzangu mmoja anataka niandike "huduma za wavuti". Mwingine anasema huko ni kuzungusha maneno tu, kitu ni kilekile. Tumebishana pia kama ni "data hii" au "data hizi". Na programu isipopata kitu, iandike "haipatikani" au "haikupatikana"? Tuamulie.

JIBU: Marahaba. Kwenye ubishi wa kwanza, mwenzako wa kwanza ana haki.

Huduma haikosi watu wawili: anayetoa na anayepokea. Ukisema "huduma ya mtandaoni", ile -ni ya mwisho inajibu swali la wapi. Huduma ipo mtandaoni, na anayeipokea ni mtu: anafungua kivinjari, anajaza fomu, analipa, anapata risiti. "Huduma ya wavuti" ni jina la kifundi, na hapo anayehudumiwa ni programu nyingine. W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, katika faharasa yake ya mwaka 2004 liliieleza kuwa ni mfumo wa programu uliobuniwa ili mashine iwasiliane na mashine kupitia mtandao.

Chukua skrini ya ankara. Karani anaandika namba ya mteja, anachagua bidhaa, anabonyeza "Kokotoa", anaona jumla. Basi. Nyuma ya kitufe hicho programu imeshauliza huduma moja kiwango cha leo cha kubadilisha fedha, imeuliza nyingine kama anwani ya mteja ni sahihi, na majibu yamerudi kwa XML au JSON, yaani maandishi yaliyopangwa ili programu iyasome, ambayo karani hatayaona wala hana haja nayo. Hizo mbili ni huduma za wavuti. Lakini programu nzima, ukiitazama kwa jicho la karani, ni huduma ya mtandaoni. Ndiyo maana unaweza kuandika "Huduma yetu ya mtandaoni hutumia huduma mbili za wavuti" na usiwe umerudia neno bure.

Badala ya "huduma ya wavuti", mafundi wengi watakuambia "API" tu, yaani mlango ambao programu moja hupitia kuiomba nyingine kazi, wakaishia hapo, na sina ugomvi nao. Imeshaingia ngeli ya i-/zi-: API hii, API hizi. Ila angalia, zipo API za vitu vilivyomo ndani ya kompyuta ileile, visivyogusa mtandao kabisa, kwa hiyo maneno haya mawili hayabadilishani kila mahali. Majina kama SOAP na REST, njia mbili za kuunda huduma za wavuti, yaache yalivyo. SOAP 1.1 ilitolewa mwaka 2000, na mwaka huohuo Roy Fielding aliieleza REST katika tasnifu yake ya uzamivu. Ni majina ya vitu mahususi, na atakayeigeuza REST kuwa "pumziko" amempoteza msomaji wake.

Hukuuliza kuhusu kitenzi, lakini sentensi ya pili ya mwongozo wako lazima itakihitaji. Programu huifanyaje huduma? Wapo wanaoandika "kuipigia huduma", kana kwamba kuna simu. Kiswahili kina jozi yake tayari: kuita na kuitika. Programu huita huduma, huduma huitika. Kinachopelekwa ni ombi, kinachorudi ni jibu. Na kama huduma haikuitika, kila msomaji anaelewa kilichotokea bila kusomea kompyuta.

Sasa turudi kwenye sentensi yako. "Programu ya biashara ya wavuti" ina mtego. Programu na biashara zote ni za ngeli moja, kwa hiyo ile "ya" ya pili haina adabu, inaweza kushika popote: programu iliyo ya wavuti, au biashara iliyo ya wavuti? Ukizipindua, "programu ya wavuti ya biashara", unaangukia shimo jingine, maana "wavuti ya biashara" nayo inasomeka kama kitu kizima. Dawa ni kubadili nomino ya kwanza. Andika "mfumo wa biashara wa kwenye wavuti". Mfumo ni wa ngeli ya u-/i-, na "wa" ya pili haiwezi kushika biashara hata ikitaka, kwa sababu biashara ingedai "ya". Upatanisho wenyewe umekwisha kukufungia mlango. Isitoshe, mfumo ndilo neno lililo midomoni mwa watumiaji. Kazi ikisimama hakuna anayesema "programu-tumizi ina hitilafu". Wanasema "mfumo umegoma".

"Inayoendeshwa na data" ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Baada ya kitenzi cha kutendwa, "na" humtaja mtenda na "kwa" hutaja kitumizi: gari huendeshwa na dereva, huendeshwa kwa petroli. Data ni petroli hapa, si dereva. Kwa hiyo, ukilazimika, ni "unaoendeshwa kwa data". Mimi nisingelazimika. Kuendesha kuna kazi nyingi tayari, tangu ofisi na baiskeli hadi tumbo, na bado hujamwambia msomaji maana yake. Maana ni kwamba kurasa za mfumo hazikuandikwa moja moja na mtu. Hujazwa kutoka kwenye hifadhidata, kumbukumbu zikibadilika na ukurasa unabadilika. "Unaotegemea data" inatosha. Hifadhidata au kanzidata? Yote mawili yanatumika. Chagua moja ulishike hadi mwisho.

"Takwimu za wateja" itoe. Takwimu ni hesabu: wateja wangapi, mauzo kiasi gani, yamepanda au yameshuka. Jina la mteja na anwani yake si takwimu. Kwa mtumiaji wa kawaida andika "taarifa za wateja", kwa fundi andika "data za wateja".

Na hapo ndipo lilipo jibu la "hii" au "hizi". Data ni ya ngeli ya i-/zi-, haibadiliki umbo, kwa hiyo sarufi inaruhusu zote mbili. Kinachoamua ni jinsi unavyoitazama. Mtu anayelalamika kwamba "data yangu imeisha" anaitazama kama sukari, kitu cha kupimwa na kupungua. Kumbukumbu za wateja unazihesabu moja moja, basi ni "data hizi", "data zake", "data zimehifadhiwa". Katika mwongozo wako ningefuata zi- moja kwa moja. Kosa baya zaidi ni kuanza na "data hii" kisha mistari miwili mbele ukaandika "zifutwe".

Sentensi yako basi iwe: "Huu ni mfumo wa biashara wa kwenye wavuti unaotegemea data, na huita huduma za wavuti ili kupata taarifa za wateja."

Umebaki ujumbe wa hitilafu. "Haikupatikana" ni habari ya utafutaji mmoja uliokwisha: seva ipo, imesikia ombi, imetafuta, haikuona. Hiyo ndiyo 404, namba ya hitilafu ambayo seva hurudisha kwa kitu isichokiona. "Haipatikani" ni hali iliyopo na inayoendelea, kwa hiyo inaifaa namba nyingine ya hitilafu, 503, huduma yenyewe inapokuwa imelemewa au iko kwenye matengenezo. Ongeza "kwa sasa" ili mtu asikate tamaa. Na kama mfumo bado unangoja, iandike "Huduma haijajibu", maana -ja- inaacha mlango wazi. Ukishaacha kungoja, ni "haikujibu".

Lakini kuna tatizo kubwa kuliko njeo, nalo hukaa kimya hadi siku mfumo unapoanza kutumika. Watengenezaji hupenda kuandika ujumbe mmoja wenye nafasi ya kujazwa jina kutoka kwenye data: nafasi, halafu "haikupatikana". Ikijazwa "ankara", sawa. Ikijazwa "mteja" unapata "mteja haikupatikana", na mteja wa watu amegeuzwa kitu. Ilitakiwa mteja hakupatikana, kifurushi hakikupatikana, malipo hayakupatikana. Zipo lugha ambazo kiolezo kimoja huzitosha. Kiswahili hudai kila nomino ipewe kiambishi chake. Unaweza kuhifadhi ngeli ya kila nomino kwenye hifadhidata na kuuacha mfumo uchague kiambishi. Ni kazi safi, ila ni kazi. Njia ya mkato ni kuifanya nomino isiwe kiima, mfumo useme wenyewe: "Hatukupata mteja kwa namba hiyo", "Hatukupata ankara kwa namba hiyo", "Hatukupata malipo kwa namba hiyo". Kitenzi hakitikisiki hata ukijaza nini. Na vikipatikana, "Tumepata wateja 3" itakuepusha na wamepatikana, zimepatikana na vimepatikana kwa mpigo mmoja.