Kioo cha dashibodi: kusasisha au kung'oa?

Tangu nigusie habari ya redio za magari ya mtumba, meseji zimemiminika. Karibu kila mmoja anauliza kama anunue kifaa kipya cha ramani au ahangaike na alichonacho. Mimi huwa nauliza kwanza: kilichozeeka ni nini hasa? Setilaiti za GPS ziko kilomita 20,200 hivi juu yetu, zinabadilishwa huko huko zikichoka, na hazimdai mtu bando. Chini huku kinachochoka ni ramani, au betri, au kioo, na kila kimoja kina dawa yake.

Nina Toyota IST. Fundi kabadilisha betri, sasa redio inaandika Kijapani tu na hata FM haishiki. Kuna kijana anasema ataniwekea ramani ya Tanzania kwa laki na nusu. Nimpe? (Dereva, Mwanza)

Usimpe kwanza. Redio nyingi za Toyota zilizotengenezwa kwa soko la Japani hazibebi akili yake tumboni. Programu na ramani vimo kwenye kadi ya SD iliyochomekwa kwenye redio yenyewe. Betri ikitolewa, redio inaamka inatafuta kadi. Isipoiona, inakaa hapo hapo inaomba kadi kwa Kijapani, na wewe huielewi. Kadi yenyewe mara nyingi ilishachomolewa zamani, kabla gari halijafika kwako. Kama kadi ipo lakini kioo kinaonyesha neno ERC na tarakimu, hilo ni jambo jingine: redio imejifunga kwa usalama na inataka namba ya kuifungulia. Piga picha ya kioo umtumie fundi kabla hujatoka nyumbani, utaokoa nauli.

Sasa tuseme umepata kadi na redio imefunguka. Umepata nini? Ramani ya Japani, barabara kwa barabara, hadi vichochoro vya Osaka. Redio hizo zilikusudiwa kuuzwa Japani, na ramani zake ni za huko. Huyo kijana wa laki na nusu mwambie akuonyeshe gari lingine aliloliwekea, tena likiwa linatembea, siyo picha ya kwenye simu. Halafu kuna FM. Masafa ya Japani yanaanzia 76 na redio za zamani zinaishia 90; zetu zinakwenda hadi 108. Utakuwa umelipia redio yenye uziwi wa sikio moja.

Kwako wewe jibu langu ni kung'oa. Ila mkabidhi fundi anayetumia soketi ya kuunganishia, asikate waya za gari. Ukikatiwa waya, kamera ya nyuma na vitufe vya kwenye usukani vinaweza kukuaga siku hiyo hiyo, na huko mbele hakuna fundi atakayejua ipi ilikuwa ya nini.

Kila nikiwasha gari, mwanamke ananiambia kitu kwa Kijapani halafu ananyamaza. Ni GPS imeharibika? (Tabata)

Haijaharibika, wala siyo GPS. Ni kifaa cha ETC, cha kulipia barabara za kulipia kule Japani. Anachokuambia ni kwamba hujaweka kadi ya malipo. Amekuwa akikukumbusha kwa adabu kila asubuhi tangu ununue gari. Tafuta kiboksi kidogo chini ya usukani au kwenye droo ya abiria, chomoa soketi yake, gari halitajali.

Shemeji kaniletea kifaa cha ramani, Garmin nüvi ya zamani, kutoka Uingereza. Imeandikwa LM, nimeambiwa maana yake ramani za bure maisha yote. Nikiiwasha haioni hata Morogoro. Nitupe? (Morogoro)

Shemeji hakukosea, ila maisha yote hayo ni ya ramani ya eneo kilikouziwa kifaa, na ni kwa muda ambao kampuni inaendelea kukihudumia. Ukikichomeka kwenye kompyuta na kufungua programu ya Garmin Express, kitakupa Ulaya mpya kabisa. Morogoro hutaiona.

Usikitupe kabla ya kufanya mambo matatu. Kigeuze ukitazame mgongo. Ukikuta umevimba au kioo kimeanza kunyanyuka ukingoni, betri ya lithiamu imekwisha. Usiichaji, usiitoboe, na usiiache kwenye gari lililoanikwa juani. Mgongo ukiwa bapa, kiweke nje mahali wazi, mbali na maghorofa, ukiache kama dakika 15. Kifaa kilicholala miezi kimesahau setilaiti zilipo, na ujumbe mzima unaozieleza unachukua dakika 12 na nusu kupokelewa. Watu wengi wanakitangaza kimekufa dakika ya tatu.

Kikishapata mahali kilipo, kilichobaki ni ramani, na hiyo unaipata bure. Kuna watu wanaotengeneza ramani za Garmin kutokana na OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea. Unapakua faili ya Tanzania, jina lake huwa gmapsupp.img, unaiweka kwenye folda iitwayo Garmin ndani ya kadi ya microSD, unachomeka kadi, unaingia kwenye mipangilio na kuzima ramani ya Ulaya. Usijaribu kuisukuma kwenye kumbukumbu ya ndani. Kwenye nüvi za zamani ni ndogo na mara nyingi imejaa. Mtu asikudanganye kwamba ramani ya kujitolea ni ya ovyo. Dar es Salaam ilichorwa mtaa kwa mtaa kupitia mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015, wanafunzi na wenyeji wakitembea kwenye maeneo yanayofurika, na kuna vichochoro vya Tandale humo ambavyo sijaviona kwenye ramani nyingi za kununua.

Nitajuaje ramani yangu ina umri gani? Kwenye menyu sielewi. (Ilemela)

Iulize njia unayoijua. Omba kutoka Mwanza mjini kwenda Sengerema. Kikikupeleka kwenye kivuko cha Kigongo na hakina daraja kabisa, ramani ni ya kabla ya Juni 2025. Kwa walioko Dar, angalia Daraja la Tanzanite: halipo, basi ramani haijafika 2022. Daraja la Nyerere la kwenda Kigamboni halipo? Hiyo ni ya kabla ya 2016, mimi nisingeifuata hata kwenda dukani. Ndugu zangu wa Nairobi watafute Expressway, nayo ya 2022.

Najua ninachosema. Mwaka 2017 nilifuata kifaa cha namna hiyo kutoka Uwanja wa Taifa kwenda Kigamboni. Kikanipeleka hadi Magogoni nikapanga foleni ya kivuko saa nzima na robo, wakati daraja nililipita kwa mbali nikiwa njiani. Abiria wangu alikuwa mama mkwe.

GPS ya gari inaonyesha njia sawasawa lakini tarehe ni ya miaka karibu ishirini nyuma. Nibadilishe? (Tanga)

Kama njia ni sawa, acha. GPS inahesabu wiki, na hesabu yake ya zamani inaishia wiki 1,024 kisha inarudi sifuri, kama mita ya kilomita ya gari kuukuu. Wiki 1,024 ni miaka 19 na miezi saba na ushee. Hesabu ilirudi sifuri Agosti 1999, ikarudi tena Aprili 6, 2019, na zamu inayofuata ni Novemba 2038. Kifaa ambacho mtengenezaji hakukiandaa kinaona tarehe ya mzunguko uliopita. Januari 2022 saa za Honda nyingi za zamani ziliamka mwaka 2002 kwa ugonjwa wa ukoo huo huo.

Angalia kama mtengenezaji ametoa sasisho la programu, siyo la ramani. Ni vitu viwili. Kama hakuna, ishi na tarehe hiyo. Kikianza kukosea mahali ulipo au kukaa nusu saa bila kupata setilaiti, hapo ndipo uzee.

Redio ya Android ya inchi 9 au kishikio cha simu tu? Fedha ninayo. (Mbezi)

Fedha unayo, sawa, lakini anza na kishikio. Kifunge kwenye tundu la AC, siyo juu ya dashibodi, kwa sababu jua la saa saba linaipika simu hadi inajizima. Pakua Organic Maps au OsmAnd, shusha ramani ya Tanzania ukiwa kwenye Wi-Fi, na utaongozwa bila bando hadi Sumbawanga. Bando utalihitaji ukitaka kujua foleni, na hapo Google Maps haina mpinzani mjini. Endesha hivyo mwezi mmoja. Kama bado unatamani kioo kikubwa, nenda kanunue.

Ukienda, usiamini boksi. Ya kwangu ya kwanza iliandikwa Android 13, RAM GB 4. Nilifungua ramani nikiwa Mwenge, ikafunguka nimeshafika Morocco ya Kinondoni. Baadaye nikagundua ni GB 1, na hata ile namba kwenye mipangilio ilikuwa imechakachuliwa. Muuzaji alishahama fremu. Kwa hiyo dukani ifungulie ramani, muziki na kamera ya nyuma kwa pamoja, halafu vuta ramani kwa kidole. Ikisitasita pale kwenye kiyoyozi, barabarani itakutoa machozi.

Bora zaidi ni kioo chenye CarPlay au Android Auto, kwa kuwa kinaazima akili ya simu, na simu ndiyo inayosasishwa. Nenda na simu yako mwenyewe, iunganishwe mbele yako. Halafu simamia antena ya GPS: kile kisahani cheusi chenye waya mafundi wanapenda kukitupa nyuma ya redio, kwenye mabati. Kiwekwe juu ya dashibodi chini ya kioo cha mbele, kitazame anga.

Bosi anasema gari lina GPS lakini sioni ramani popote. (Dereva wa kampuni, Chalinze)

Hiyo haikuongozi wewe. Inamwonyesha bosi ulipo. Ina laini ya simu ndani na hutuma taarifa, kama ile mifumo ya kufuatilia mabasi inayosimamiwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Usiichokonoe.

Naendesha watalii. Wenzangu wananicheka kwa kubaki na Garmin wakati wao wana simu za milioni mbili. (Arusha)

Wacha wacheke. Kwa kazi yako Garmin ibaki, na hii ndiyo kazi ambayo ningekushauri kulipia ramani. Tracks4Africa wanauza ramani za Garmin zenye njia za mbugani, na wewe unahitaji kifaa kisichopata simu ya mteja katikati ya kona. Simu iwe ya akiba. Kama Garmin yako haipokei tena masasisho ya programu lakini inasoma kadi, bado ni nzima.

Jambo moja tu, kwa sababu kambi nyingi zinatuma namba badala ya jina la barabara. Seronera iko kama -2.43, 34.82. Ukiambiwa nyuzi 2 na dakika 26 kusini, usiandike 2.26, dakika ni 60, siyo 100, na kosa hilo peke yake ni kilomita 19 hivi, giza likiingia. Na ile alama ya kutoa usiisahau. Ukiandika 2.43 tupu, Garmin itakupangia safari bila kuuliza swali, hadi Karamoja nchini Uganda, chini ya Mlima Moroto, na wageni wako watakuwa nyuma wanauliza simba wako wapi.