Fundi Anajibu: Maboksi ya spika za zamani

SWALI: Fundi, nina jozi ya spika za zamani zenye wufa (spika kubwa ya besi) ya inchi 10. Maboksi yamefungwa pande zote, hayana tundu. Besi imefifia. Nimeshauriwa nitoboe mbele na kupachika bomba kama spika za kisasa. Nitoboe upana gani?

JIBU: Weka drili chini. Katika boksi lililofungwa, hewa ya ndani ndiyo springi inayoirudisha koni, ile sehemu ya wufa inayotetemeka. Wufa hizo huundwa zikiwa na ukingo laini wa koni kwa makusudi, kwa kuwa hewa itazisaidia. Ukitoboa, msaada huo unaondoka: kwenye masafa ya chini sana koni hupepea bila breki, na koili yake (waya uliozungushwa nyuma ya koni) inaweza kugonga sumaku. Utapata kishindo cha noti mbili tatu, halafu wufa mbovu.

Mtuhumiwa wa kwanza ni hewa inayovuja. Zima amplifaya, zungusha vidole kando ya kifuniko cha katikati, sukuma koni milimita chache bila kuipinda upande, shikilia kidogo, kisha achia. Boksi lisilovuja huirudisha koni polepole, kama sekunde moja hivi. Ikiruka papo hapo, kagua gasketi ya wufa (utepe wa kuziba kati ya wufa na boksi), kibao cha nyaya nyuma, viungo vya pembe, na ukingo wa koni wenyewe kama ni wa kitambaa kilichokauka. Viungo vizibe kwa gundi ya mbao ukiwa ndani; gasketi badilisha kwa utepe wa sponji usiopitisha hewa. Usitumie silikoni inayonuka siki, mvuke wake hula shaba.

Hapo ndipo uimarishe mbao. Gonga kuta kwa kifundo cha kidole. Ukuta unaovuma unahitaji mhimili. Kata kipande cha mbao ngumu cha milimita 20 kwa 40, kienee kati ya kuta mbili za ubavuni bila kuzisukuma nje, kisha kigandishe kando kidogo ya katikati ya kuta hizo. Kwaruza kwa msasa kwanza, maana gundi haishiki juu ya vanishi. Usiogope kupoteza nafasi: kipande cha sentimita 30 hula lita 0.24 tu, kitu kisichosikika katika boksi la lita 40. Pamba ya ndani irudishe yote, bila kuongeza. Kama ni ya nyuzi za kioo, vaa glovu na barakoa.

SWALI: Sauti nyembamba zimefifia, ingawa tuita (spika ndogo za sauti hizo) zinalia. Nibadilishe tuita?

JIBU: Anza na krosova, saketi ya ndani inayogawa sauti kati ya wufa na tuita. Kapasita zake za maji (elektrolitiki) za miaka 30 hukauka. Ukinzani wake hupanda na tuita hukosa nguvu. Weka za plastiki ya polipropilini zenye mikrofaradi (kipimo cha kapasita) zilezile, volti 100 au zaidi. Kwa mfano, ukikosa ya mikrofaradi 8, funga ya 4.7 na ya 3.3 sambamba. Zile kubwa za upande wa wufa zinaweza kubaki za aina ya maji, ila ziwe mpya na zisizo na chanya na hasi. Za kawaida za redio zitaharibika, kwani umeme wa muziki hugeuka upande kila mara.

Badilisha spika zote mbili kwa pamoja, la sivyo kushoto na kulia hazitalingana. Sauti ikizidi ukali, ni kwa sababu kapasita ya polipropilini haina ule ukinzani mdogo ambao ya maji huwa nao hata ikiwa mpya: ongeza rezista ya omu 0.47, wati 5, kwenye waya wa tuita. Koili za krosova usizihamishe. Zikikaribiana au kugeuzwa, moja huingilia nyingine. Piga picha kabla ya kuyeyusha kiungo cha risasi (solda) hata kimoja.

SWALI: Sponji ya ukingo wa koni imekuwa unga. Naweza kuweka ya mpira, idumu zaidi?

JIBU: Itadumu, lakini mpira kwa kawaida ni mzito zaidi na hubadilisha mwenendo wa wufa ndani ya boksi lake. Rudisha sponji. Pima koni na fremu kwa milimita, kwa sababu “inchi 8” za watengenezaji wawili hazifanani. Kwangua gundi yote ya zamani, gandisha upande wa koni kwanza, acha ikauke. Ukigandisha upande wa fremu, sukuma koni juu na chini kwa vidole: ukisikia mkwaruzo, sogeza ukingo kabla gundi haijashika. Subiri saa 24 kabla ya kupiga muziki.