Maswali na majibu: daktari wa usingizi na maumivu ya mgonjwa

Niko mwaka wa kwanza wa mafunzo ya udaktari wa usingizi. Mgonjwa akishazinduka, kazi yangu si imekwisha?

Haijaisha, kwa sababu ganzi uliyoichoma mwenyewe huisha akiwa wodini. Mama aliyefanyiwa upasuaji wa kujifungua kwa ganzi ya uti wa mgongo hukaa saa mbili hivi akiwa ametulia, kisha miguu ikianza kurudi, maumivu humjia kwa mkupuo, na mara nyingi huwa ni usiku. Mwandikie dawa kwa saa maalumu, kwa mfano parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6. Agizo la "apewe akilalamika" ndilo linalowaponza wengi.

Nikiwauliza wagonjwa, husema hawajambo. Niamini?

Umeuliza salamu, ukajibiwa salamu. Mtu aliyelelewa vizuri akiulizwa "hujambo, mama?" atasema "sijambo" hata kama anaungua, tena mbele ya daktari na mama mkwe aliyeketi pembeni ya kitanda. Mwombe akohoe au ageuke upande wa pili, huku ukitazama mkono wake: ukikimbilia kidonda na pumzi ikakatika katikati, hapo umepata jibu. Ndipo umwombe ayape maumivu namba kati ya 0 na 10, akiwa ametulia na akiwa anajigeuza, kisha uziandike namba zote mbili kwenye faili. Asiyeweza kukohoa hasafishi mapafu, na nimonia haiko mbali naye.

Naogopa mofini, ile dawa kali ya maumivu. Je, haitamzuia kupumua?

Hofu hiyo ni ya haki, ila dawa yake ni uangalifu, si kumnyima mgonjwa. Kwa mtu mzima aliye chini ya uangalizi, toa miligramu 1 hadi 2 kwenye mshipa, subiri dakika 5, mtazame, ndipo uamue kuongeza. Usingizi mzito kwa kawaida hutangulia pumzi kupungua, kwa hiyo anayesinzia katikati ya sentensi haongezewi, hata akisema bado anaumwa. Na naloksoni, dawa inayoondoa athari za mofini, iwe karibu, si stoo iliyofungwa. Nchini Uganda, tangu 2004, wauguzi waliofunzwa tiba shufaa, yaani kuwapunguzia mateso wenye maradhi mazito, wanaruhusiwa kisheria kuandika mofini, jambo ambalo daktari anayeiogopa angepaswa kulitafakari.

Kuna kozi fupi ninayoweza kuhudhuria?

Iko ya siku moja, Essential Pain Management, iliyobuniwa na Wayne Morriss na Roger Goucke na kuanza kufundishwa Papua New Guinea mwaka 2010. Msingi wake ni hatua tatu: kutambua maumivu, kuyapima na kuyatibu. Naipenda kwa sababu wauguzi na madaktari huketi meza moja. Lakini siku moja ni chache mno. Asubuhi inayofuata, kabla upasuaji wa kwanza haujaanza, pita wodini uwaombe wagonjwa wako wa jana wakohoe.